Meno Manne

Mteja akiingia kibandani kwangu, uso wake nauangalia mwisho. Naanza na miguu, halafu mzigo, halafu namuuliza anakwenda wapi. Mimi ni fundi baiskeli, na ninazotengeneza zaidi ni zile za gia moja: sproketi, yaani duara la chuma lenye meno, moja mbele kwenye pedali, moja nyuma kwenye gurudumu, mnyororo katikati, basi. Watu wanadhani kwa kuwa gia ni moja hakuna cha kuchagua. Hapo ndipo wanaponichefua. Mwenye gia ishirini akikosea anabonyeza kidole, mambo yanaisha. Mwenye gia moja akikosea, amekosea kutoka mlangoni kwake mpaka anakokwenda, na kosa hilohilo atarudi nalo.

Hesabu yenyewe haina uganga. Unahesabu meno ya sproketi ya mbele, unagawanya kwa meno ya nyuma, unapata gurudumu linazunguka mara ngapi kila pedali ikizunguka mara moja. Arobaini na nne mbele kwa kumi na nane nyuma, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu. Hiyo ni baiskeli ya mtu mwenye miguu yake. Ukiongeza meno nyuma, pedali zinalainika, ila utakanyaga mara nyingi zaidi kwa safari ileile. Ukipunguza, unakimbia vizuri kwenye tambarare, lakini mlimani utanikumbuka. Vijana huja wakaniambia, "Fundi, nyuma niwekee ndogo kabisa, nataka kupaa." Nawauliza wanapaa kwenda wapi na magunia mawili nyuma yao. Wananuna. Wiki ya pili wanarudi wamenywea, nami nawabadilishia bila kusema kitu, au nikisema, nasema kidogo.

Nayaeleza haya ili ijulikane kwamba nilichomfanyia baba yangu sikukifanya kwa kutojua. Nilijua kila jino.

Baba alikuwa dobi. Yeye na mama walifua na kupiga pasi mashuka ya zahanati ya mlimani kwa miaka ishirini na sita. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili vya kulala na cha tatu cha mbele chenye meza ndefu ya kupigia pasi, iliyotandikwa blanketi lenye madoa ya kuungua. Uani kamba zilipita huku na huku mpaka ukitaka kwenda chooni unainama mara nne. Watu walimwita Mzee Mnyoosho, maana hata shati lake la kazini lilikuwa na mikunjo iliyonyooka kwa rula. Kila asubuhi alifunga mashuka safi, kilo ishirini na tano, akayazungushia nailoni, akayapakia kwenye keria, akaondoka. Barabara ni tambarare mpaka kwenye kalvati. Kuanzia pale ni mlima mtupu, na katikati yake kuna kona moja kali iliyowashinda wengi, halafu geti la zahanati.

Baiskeli hiyo niliihudumia mimi tangu nijifunze kazi. Baba alikuwa hagusi kitu chochote chini ya kiti. Dobi akishika mnyororo, hata anawe mara ngapi, grisi inabaki kwenye kucha, na shuka likipata alama moja ya kidole linarudishwa, na muuguzi mkuu wa zahanati ataizungumza alama hiyo mwezi mzima. Kwa hiyo nilimfungia kava la bati lililofunika mnyororo wote, kutoka sproketi ya mbele mpaka ya nyuma, nguo zisiguse mafuta. Kilichokuwa ndani ya kava hilo kilikuwa changu. Kwa miaka kumi na minne hakulifungua hata mara moja. Akisikia mlio ananiita, "Bi Fundi, njoo usikilize mgonjwa wako."

Na alikuwa na neno lake, alilomwambia kila mtu, aulize asiulize. "Siku nitakayoshuka nikausukuma huu mlima, siku hiyo naacha kazi." Muuza mkate alishuka kwenye ile kona, muuza magazeti alishuka mapema zaidi, na baba aliwapita juu ya kiti chake huku akiwasalimu: "Poleni na matembezi!" Walimtukana kwa upendo. Mama alisema siku moja watamsukumia mtaroni, na hakimu atawaachia huru.

Halafu pumzi ikaanza kumwishia. Daktari wa zahanati, dada mdogo tu ambaye humwamkia baba shikamoo kwanza ndipo amgombeze, alimweleza kwamba moyo umetanuka na mlango wake mmoja haufungi vizuri. Akampa vidonge. Kila mwezi, baba akishashusha mashuka, aliingia chumbani kwake akasikilizwa kifua. Nyumbani alisema daktari anapenda tu maongezi.

Siku moja mama alikuja kibandani. Mama haji kibandani, anasema panamchafua hata kwa macho. Alisimama mlangoni ameshika sketi yake isiguse kitu.

"Baba yako akifika kwenye kona anasimama juu ya pedali," akasema. "Muuza mkate kaniambia. Anasimama, anatweta, anageuka rangi. Siku moja ataanguka na mashuka yangu."

Mama akiogopa huzungumzia mashuka.

"Mwambie aache," nikamwambia.

"Mwambie wewe."

Tukatazamana, tukacheka, maana hakuna kati yetu aliyekuwa na ubavu huo. Halafu akaacha kucheka. "Wewe si ndiye fundi? Fanya la kufanya. Lakini asijue."

Basi tukala njama, mama na mimi. Ilikuwa mwezi wa pili. Nilimwambia baba naileta baiskeli kibandani kuitia grisi. Nikafungua kava, nikatoa gurudumu la nyuma. Sproketi ya nyuma imefungwa kwa hesi, ile mizunguko kama ya skrubu, na kila mwenye baiskeli anavyokanyaga ndivyo anavyozidi kuikaza, kwa hiyo haitoki kwa mkono. Unaikamata kwenye jiliwa iliyofungwa mezani, halafu unalizungusha gurudumu zima kama usukani wa lori mpaka ikubali. Ilikubali kwa mlio mmoja mkubwa. Nikaondoa ya meno kumi na nane, nikafunga ya ishirini. Mnyororo ulitosha, nilisogeza tu gurudumu mbele kidogo. Nikarudisha kava.

Kesho yake baba alirudi kutoka mlimani akiimba. Naandika bila kutia chumvi: akiimba. "Mke wangu, miguu imerudi! Hivi vidonge vya daktari ni kiboko!" Akamshika mama kiuno mbele yangu. Mama akanitazama juu ya bega lake, na mimi nikatazama dari.

"Ila pedali zinakimbia kidogo kwenye tambarare," akaniambia baadaye.

"Beringi mpya, Baba."

"Ahsante, Bi Fundi."

Nilifurahi. Sitajifanya kwamba dhamiri ilinisumbua. Nilijiona mtoto mwema na fundi hodari kwa pamoja, na si kila siku mtu anapata vyote viwili.

Mwezi wa sita muuza mkate aliniambia mzee ameanza kusimama tena kwenye kona. Safari hii nikaweka meno ishirini na mbili. Mnyororo haukutosha tena, ikabidi niongeze vipande viwili vipya. Viling'aa mno kando ya vile vya zamani, nami nikavipaka mafuta machafu mpaka vikafanana na wenzake, humo ndani ya kava ambamo hakuna mtu wa kuona. Hapo ningepaswa kujishtukia. Fundi anayeficha kazi yake mwenyewe ana jambo.

Baba akaimba tena, ingawa si kwa sauti ileile.

Ikafika mwezi wa kumi. Siku ya Jumatano niliitwa zahanati kutengeneza gurudumu la kitanda cha kusukumia wagonjwa. Nilikuwa nimelala chali kwenye korido, spana mkononi, nikamsikia baba ndani ya chumba cha daktari. Naye akaiona miguu yangu mlangoni.

"Huyo hapo fundi wangu! Njoo, njoo umsalimie daktari."

Nikaingia na mikono yangu michafu, nikasimama mbali na kila kitu cheupe. Daktari alikuwa na karatasi mbele yake.

"Namweleza mzee," akasema. "Madaktari bingwa wa moyo wanakuja hospitali kubwa mara moja kwa mwaka. Watapasua wachache. Nimebakiwa na nafasi moja, na majina yanatakiwa Ijumaa." Akamgeukia baba. "Mzee wangu, kifua chako sikipendi. Lakini mashine yetu ni ya zamani, siiamini sana. Mimi namwangalia mtu. Mwenye moyo uliofika pabaya hapandi hata ngazi. Niambie ukweli, bado unaupanda huu mlima?"

"Bila kushuka."

"Na mzigo?"

"Na mzigo. Mimi nikisema utadhani najisifu. Muulize fundi wangu."

Daktari akanitazama. Baba naye akanitazama, kidevu juu, anatabasamu, anasubiri nimshuhudie. Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na ulimi, na kwa kawaida ulimi wangu hauhitaji kuombwa. Lakini nilimwona alivyosimama kwenye shati lake lililonyooka, na nikaona itakavyokuwa sura yake nikimaliza sentensi.

"Anapanda," nikasema.

"Basi moyo una nguvu kuliko ninavyosikia," daktari akasema. Akafurahi kwa kweli, maskini. "Nafasi hii nitawaachia zahanati nyingine. Wewe tutakutazama mwakani."

"Wape wagonjwa," baba akasema, akacheka.

Nilirudi kumalizia gurudumu la kitanda, na nikalifunga vibaya, ikabidi nilifungue tena.

Mwakani. Nilijua mwakani haipo, na nilijua kwa hesabu. Mwezi wa pili meno kumi na nane yalimshinda. Mwezi wa sita ishirini yalimshinda. Na Jumatatu ya wiki ile muuza mkate alikuwa ameniambia, kwa sauti ya chini kama anayeleta habari za msiba, kwamba mzee kasimama tena juu ya pedali pale konani, na midomo yake ilikuwa ya bluu. Kila miezi minne baba alikuwa anapoteza meno mawili. Daktari alikuwa anamsikiliza kwa mashine ya zamani, na mimi nilikuwa na kipimo kizuri kuliko chake, nimekifungia ndani ya bati. Na zaidi ya ishirini na mbili dukani hawana, na hata wangekuwa nayo isingeingia ndani ya kava. Sikuwa na jino jingine la kumpa.

Alhamisi nilimweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaketi juu ya lundo la mashuka machafu, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

"Usimwambie," akasema. Kisha akasema, "Mwambie." Halafu, "Nitamwambia mimi, nilikutuma mimi."

"Meno nimeweka mimi, Mama."

Nakiri nilifikiria njia ya mwoga. Ile sproketi ya meno kumi na nane nilikuwa nayo bado kwenye kopo. Ningeirudisha kimyakimya, halafu mlima wenyewe umwambie. Niliitoa, nikaishika. Lakini namjua baba yangu. Asingeshuka. Angejikaza kisabuni mpaka kwenye kona, na kwenye kona angekufa, juu ya kiti, kabla ya kuweka mguu chini. Ilibidi nitumie mdomo. Nikaitia sproketi kwenye mfuko wa aproni, nikabeba mkoba wa vifaa, nikapiga moyo konde, nikaenda nyumbani.

Alikuwa anapiga pasi. Shuka limelala mezani, nusu limenyooka, nusu bado.

"Baba, nina neno."

"Sema. Mikono ina kazi, masikio hayana."

"Sproketi yako ya nyuma nimeibadilisha. Mara mbili. Mwezi wa pili na mwezi wa sita. Nimekuongezea meno ili pedali ziwe laepesi, usione kwamba nguvu zinapungua."

Nilichanganya laini na nyepesi nikasema "laepesi," kwa woga. Yeye akaendelea kupiga pasi mpaka mwisho wa upindo, akaisimamisha pasi, akaichomoa kwenye umeme.

"Yalikuwa mangapi?"

"Kumi na nane."

"Na sasa?"

"Ishirini na mbili."

"Manne."

"Manne, Baba."

"Mama yako anajua?"

"Nilimtuma mimi," mama akasema kutoka mlangoni.

Baba akatikisa kichwa polepole. "Mmenivika kilemba cha ukoka. Watu wa nyumbani kwangu. Nami nimetembea nacho barabarani miezi minane, nawasalimu watu." Akanitazama. "Kwa hiyo mlima sikupanda. Nimepandishwa."

Hapo hasira zangu zikanitangulia, kama kawaida yao. "Hakuna aliyekupandisha! Sproketi haina nguvu yake yenyewe, Baba. Mzigo ni kilo zilezile, mlima ni uleule. Mimi nimeigawa kazi vipande vidogo tu. Kwa kumi na nane, kutoka kalvati mpaka getini, ungezungusha pedali mara mia na kumi na mbili. Sasa unazungusha mia thelathini na saba. Hizo ishirini na tano za ziada kazikanyaga nani? Mimi?"

"Usinipigie hesabu," akasema. "Ningetaka vipande vidogo, ningekuomba."

Ilikuwa kweli. Mteja yeyote wa barabarani ningemuuliza kwanza.

"Daktari anakuuliza mlima kwa sababu ndicho kipimo chake," nikasema, sasa kwa upole. "Na kipimo nimekiharibu mimi. Kesho majina yanakwenda, Baba. Nafasi ni yako. Bila ile nafasi utakufa."

"Nirudishie kumi na nane yangu."

"Sikurudishii."

"Baiskeli ya nani?"

"Yako."

"Basi."

Akanijia, akaona mfuko wa aproni umevimba, akaingiza mkono, akaitoa sproketi mwenyewe. Vidole vyake vikawa vyeusi papo hapo. Akachukua na mkoba wangu. Uani aliipindua baiskeli magurudumu juu, akapiga magoti, akafungua kava la bati, skrubu baada ya skrubu, akiuliza ipi ni spana ya nini na mimi nikimjibu, kwa sababu sikujua la kufanya zaidi ya kumjibu. Akatoa gurudumu. Akaikamata ile sproketi kwa spana, akavuta.

"Baba, bila jiliwa haitoki."

Hakusikia, au hakutaka. Alivuta mara ya pili kwa uzito wake wote. Miezi minne ya mlima ilikuwa imeikaza, na aliyeikaza ni yeye mwenyewe. Mara ya tatu spana ikateleza, akaketi chini kwenye simenti, mdomo wazi, anaitafuta hewa. Mashuka yalipepea juu ya kichwa chake. Mama alikuja na maji, akamshika mgongo. Mimi nilipiga magoti mbele yake na sikuthubutu kumgusa. Sijawahi kuogopa vile, wala kabla wala baadaye.

Pumzi ilirudi kidogo kidogo. Akaitazama mikono yake, viganja na migongo, kwa muda mrefu.

"Kesho ndiyo Ijumaa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Twende mapema."

Tuliondoka jua likianza kuchomoza. Nilikuwa nimerudisha gurudumu na meno yake ishirini na mbili, mashuka yapo kwenye keria, mimi nimeshika usukani, baba anatembea kando yangu. Tambarare aliimaliza bila kupumzika. Mlimani alisimama mara sita. Kila akisimama nami nilisimama, najifanya nakaza kamba ya mzigo. Kwenye kona muuza mkate alitukuta, anasukuma yake. Alimwona baba yuko chini, akapunguza mwendo, akaamkia, akanyamaza, akatembea nasi mpaka juu. Namshukuru mpaka leo kwa kunyamaza kule.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Daktari, kosa ni langu, mimi ndiye niliyebadilisha. Nilikuwa nimeyakariri.

Daktari alikuwa kaunta, anaongea na muuguzi mkuu, na wagonjwa watano au sita wako kwenye benchi. "Mzee! Shikamoo. Mbona leo kwa miguu?"

Nikafungua mdomo. Baba akanitangulia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutubu. Nilikudanganya. Mlima siupandi."

"Hupandi?"

"Nausukuma. Tangu mwezi wa pili. Kwenye kalvati nashuka, nasukuma mpaka karibu na geti, napumzika nyuma ya ukuta, ndipo nakaa juu ya kiti ili mnione nimefika nimekaa."

Benchi lote likatugeukia. Muuguzi mkuu akapiga makofi mara moja, akacheka. "Mzee Mnyoosho! Kumbe! Na sisi tunavyokusifu hapa kila asubuhi!"

"Ndiyo hivyo, mama," baba akasema, akacheka naye. "Uzee una visa."

Daktari hakucheka. Uso ulimbadilika. "Mzee wangu, ungekufa kwa ajili ya kusifiwa? Nimebakiza saa mbili kupeleka haya majina. Saa mbili!"

"Nisamehe, mwanangu." Akainamisha kichwa mbele ya watu wote.

"Daktari," nikaanza, "ukweli ni kwamba..."

Baba akaushika mkono wangu, akauminya kwa nguvu. Kucha zake zilikuwa nyeusi pande zote, mama alizisugua lakini hazikutoka.

"Fundi, wewe ulijua?" daktari akaniuliza. "Juzi nilikuuliza ukaniambia anapanda."

Mkono wa baba haukulegea. Nilimtazama, naye alikuwa ananitazama kwa macho makavu kabisa, ananikataza.

"Nilijua," nikasema. "Nilimwonea haya."

Daktari akashusha pumzi, akaichukua karatasi, akaliandika jina la baba kwa herufi kubwa, akapiga mhuri. Gari la wagonjwa lingekuja Jumanne. Akamwambia asibebe kitu chochote mpaka siku hiyo, hata shuka moja, na baba akajibu ndiyo kwa kila neno.

Nilijizuia mpaka tukafika nje. "Kwa nini, Baba? Hukushuka hata siku moja! Hata siku moja!"

"Ungesema wewe, nani angekuletea tena baiskeli?" akasema. "Fundi anayebadilisha kitu cha mtu bila kumwambia. Wangekumaliza. Mimi kazi yangu imekwisha, wewe yako bado." Akafuta jasho la shingoni kwa mgongo wa mkono, akaacha alama kwenye kola. "Nimekasirika nawe bado. Usidhani imepita."

"Sidhani, Baba."

Muuguzi mkuu alikuwa amefungua dirisha. Hakuwa na nia mbaya, ni mtu wa utani, na baba mwenyewe ndiye aliyemzoesha. "Mzee Mnyoosho!" akaita kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Kuteremka je, unapanda au unasukuma?"

Wale wa benchi wakacheka. Baba akainua mkono juu, akacheka nao, akaanza kuteremka polepole akiwa ameshika keria. Mimi ambaye sijawahi kumwachia mtu neno, nilinyamaza, nikashika usukani, tukaenda.